Darasa la Salamu Tupu

Jumapili, tarehe 13 Julai. Baridi kali. Umande uliganda kwenye majani ya viazi mpaka saa tatu asubuhi, na upepo wa mlimani haukupumzika mchana kutwa. Jua lilikuwepo, lakini la kutazama tu.

Mjukuu wangu Atupele yuko hapa Uyole tangu juzi. Anasomea ualimu Iringa, na kesho anaanza mazoezi ya kufundisha katika shule iliyo ng'ambo ya barabara kuu. Amepangiwa darasa la nne, kufundisha kuandika. Mchana tulipokuwa tunaanika nguo aliniuliza, "Bibi, hivi wewe watoto ulikuwa unawafundishaje kuandika?" Nikamjibu kwamba tuliandika ubaoni wakanakili. Lilikuwa jibu la uvivu, na tena si la kweli. Mimi mdomo wangu mzito. Kalamu ndiyo inayonivumilia. Kwa hiyo nayaandika hapa. Yeye akitaka atasoma, na kijana mwingine yeyote anayekwenda kusimama mbele ya watoto asome pia. Nikikosea mnisamehe, maana elimu yangu ni ya darasa la saba na kozi juu yake.

Mwanangu Atupele, kuna siku moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka huacha ninachofanya. Nilikuwa msichana kama wewe, pengine mdogo kidogo. Serikali ilitaka kila mtoto aingie shule, walimu wakawa hawatoshi, basi tukachukuliwa sisi tuliomaliza la saba, tukawa tunafundisha huku tunafundishwa. Mpango ule uliitwa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote, na wenye vyeti wakatutungia jina: Ualimu Pasipo Elimu. Akutukanaye hakuchagulii tusi. Lakini nisiwaonee, maana baadhi ya hao waliotucheka ndio waliokaa nasi jioni kutuonyesha jinsi ya kupanga andalio la somo.

Nilipelekwa kijiji kimoja cha Iringa, juu vilimani, ambako ukungu ulikuwa unaingia darasani na kukaa na watoto kwenye madawati. Mimi Mnyakyusa wa Uyole, Kihehe sikukijua hata cha kuombea maji. Nilikaa kwa Mwalimu Atilio na mkewe, Mama Skola. Mwalimu Atilio ndiye aliyekuwa mwenye darasa la nne, na ndiye aliyekabidhiwa kunilea kazini. Alikuwa mzee tayari, amesoma kwa mapadri, anavaa koti moja la kahawia mvua na jua. Mimi aliniita "mwalimu mdogo", na nililipenda jina hilo kuliko nilivyowahi kumwambia.

Nilitamani ualimu tangu nikiwa la pili. Nilitamani tu kuitwa "Mwalimu" na mtu aliye mfupi kuliko mimi. Usinicheke. Na mazoezi yale ndiyo yaliyokuwa mlango wenyewe: mkufunzi angekuja kutoka chuoni, angekaa nyuma ya darasa, angeandika alichokiona. Ukifaulu unaendelea. Ukishindwa unarudia, na wengine hawakupewa hata nafasi ya kurudia, walirudishwa kwao. Baba yangu aliniambia nilipopanda basi, "Jembe lako nitaliweka palepale darini, usihofu." Nadhani alitaka kunifariji. Mimi nilisikia vingine, kwamba ananingoja nishindwe.

Basi nikawapa watoto insha ya kwanza: Siku ya Mavuno. Madaftari wakati ule yalikuwa shida, moja lilikatwa katikati kwa wembe, kila mtoto akapata nusu. Nikayakusanya, nikakaa jikoni kwa Mama Skola kuyasoma. La kwanza likaanza: "Kwa Mwalimu wangu mpendwa, pokea salamu nyingi kama mchanga. Baada ya salamu napenda kujua hali yako. Mimi huku ni mzima wa afya, wasiwasi ni juu yako wewe uliye mbali." Uliye mbali! Na mtoto mwenyewe anakaa dawati la mbele. La pili vilevile. La tatu lilinisalimia mimi, na mume wangu, ambaye sikuwa naye, na watoto wangu, na mwalimu mkuu, mpaka ukurasa ukaisha, na mavuno yakapata mstari mmoja chini kabisa: "Tulivuna. Ni mimi mwanafunzi wako."

Mwanangu, sababu yake niliielewa baadaye. Kijiji kile wanaume wengi walikuwa nje. Wengine mashamba ya chai, wengine machimbo ya Chunya, wengine Mgololo, ambako kiwanda cha karatasi kilikuwa kinajengwa. Maandishi ambayo mtoto aliyaona nyumbani kwao yalikuwa ni barua. Barua ikifika, watu wa kaya nzima wanakaa chini, mtoto wa shule anasoma, na salamu ndizo zilizokuwa tamu. Kila aliyetajwa aliitikia. Nilimwona kwa macho yangu bibi mmoja aliyetajwa katika barua ya mwanawe. Aliinuka kidogo kwenye kigoda, akaisalimu karatasi kwa Kihehe, "Kamwene, baba, kamwene," kama vile mwanawe amesimama mlangoni. Kwa watoto wale, kuandika ndiko huko. Hawakujua kwamba kuna kuandika kwingine.

Mimi nilichukua kalamu nyekundu. Nilizifuta salamu zote, daftari baada ya daftari. Sababu nilikuwa nayo, nusu daftari si mahali pa kutupa nafasi, na nilivyofundishwa chuoni insha ina utangulizi wake na salamu hazimo. Sikuwa na nia mbaya. Kesho yake nikasimama mbele nikasema, "Kuanzia leo, salamu ni marufuku. Anza na jambo lenyewe."

Nikawapa insha nyingine, wakatafuna penseli. Nikawasubiri. Walioandika waliandika neno moja, "Tulilima," wakaweka nukta, wakafunga daftari na kuniangalia kwa adabu kabisa, kama watu waliomaliza kula kwa jirani. Siku zilizofuata hali ikawa hiyohiyo. Na habari ikaja kwamba mkufunzi anakuja wiki ijayo. Usingizi ukanipaa.

Jumamosi ile Mwalimu Atilio alikuwa uani anajaza upepo baiskeli yake aende posta. Yeye ndiye aliyepeleka barua za kijiji. Nikamletea yangu.

"Hii ya mama, mwalimu mdogo?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mama anajua kusoma?"

"Hajui. Anasomewa na mdogo wangu, Lusajo."

"Umemwandikia nini?"

Nikaona haya. Akasema, "Siombi siri zako. Nauliza tu kama mtu anayemuuliza fundi wa kuandika."

"Nimemsalimu," nikasema. "Nimewasalimu na wengine."

"Halafu?"

"Halafu nimesema nipo salama."

"Kurasa ngapi hizo?"

"Mbili."

Akaiacha pampu. "Mama Skola! Njoo usikie. Mwalimu mdogo ana kurasa mbili za salamu humu, na darasani kwangu ameziwekea polisi!"

Mama Skola akajibu kutoka jikoni, "We mzee, mwache mtoto wa watu. Baridi yenyewe hii, bado unamtia na aibu."

"Simtii aibu. Nauliza." Akanigeukia, na sasa hakuwa anacheka. "Huyo Lusajo wako akichukua wino mwekundu, akazifuta salamu zote, mama yako atabaki na nini mkononi?"

Nilimwona akilini mama yangu amekaa karibu na moto, khanga imefungwa kifuani, anamwambia Lusajo, "Rudia hapo aliponitaja." Nilikuwa na miezi sijamwona. Machozi yalikuja, nikasingizia moshi wa jikoni.

"Waraka ni nusu ya kuonana," akasema Mwalimu Atilio. "Na watoto hawa hawajakosea, mwanangu. Wamekuja na njia wanayoijua, wewe umeiwekea miiba, halafu unalalamika hawafiki." Akaitia barua yangu mfukoni mwa koti, akapanda baiskeli. Hakuliongea tena jambo lile, siku ile wala baadaye. Wazee wa namna hiyo siku hizi siwaoni wengi, au labda wapo na mimi ndiye sitembei.

Mkufunzi akaja na Land Rover, koti refu, viatu vimejaa tope kama vyetu. Akakaa nyuma. Andalio langu lilisema: insha, Siku ya Mavuno, hatua ya kwanza utangulizi, ya pili kiini, ya tatu hitimisho. Alikuwa nalo mkononi. Nikasimama mbele ya watoto na wao wakanitazama kwa ile adabu yao. Moyo ukanituma vingine.

"Leo," nikasema, "mtasalimu."

Kisha mtoto mmoja akauliza, "Kweli, Mwalimu? Na baba mdogo?"

"Na baba mdogo."

"Na mbuzi?"

"Na mbuzi, kama mtu wako anamfahamu."

Wakacheka. Nikawaambia kila mmoja amchague mtu aliye mbali anayemkumbuka, amwandikie. Wakainama wote. Sauti ya penseli, mwanangu, ya watoto wanaoandika bila kusukumwa, ni kama mvua ndogo kwenye majani ya mgomba. Mpaka leo naitamani. Nikikaa peke yangu mchana, babu yako yuko shambani na redio imezimwa, ndiyo sauti ninayoisikiliza, na haipo.

Kulikuwa na msichana aitwaye Blandina. Baba yake alikuwa Mgololo, na wenzake walikuwa wanamwambia, "Baba yako anakwenda kutengeneza madaftari, mwambie atuletee mazima!" Blandina aliandika ukurasa wa mbele, akageuza, akajaza wa nyuma, akaanza kuandika pembeni. Nikainama kusoma, vituo nikiviweka mwenyewe kichwani. Mama anakusalimu. Bibi anakusalimu. Mdogo wetu anakusalimu, sasa anakaa. Mjomba anakusalimu. Majirani wa juu wanakusalimu, wa bondeni wanakusalimu. Hadi mwisho, hakuna kingine.

Nikajua mkufunzi ananitazama. Nikamnong'oneza, "Blandina, vizuri. Lakini habari iko wapi? Mweleze baba habari za huku."

"Mwalimu, habari ndiyo hiyo. Wote wanamsalimu."

"Naona. Lakini kumetokea nini?"

Akafikiri kwa kweli, yule mtoto. "Hakujatokea kitu," akasema. "Wanamsalimu." Akaendelea kuandika, na machozi yakawa yanadondoka kwenye daftari, anayafuta kwa kiwiko, anaandika. Aliyekaa naye akamwona, naye akaanza. Nikasimama katikati yao. Nilitaka kumpangusa. Nilitaka pia kufika hatua ya tatu. Sikufanya hata kimoja, kengele ikalia.

Nje, mkufunzi alinisubiri. "Binti," akasema, "umewafundisha kuandika, au umewafundisha kulia?"

Nikapangusa chaki mikononi.

"Andalio linasema mavuno. Sikuona mavuno. Mtoto amejaza kurasa mbili bila kituo hata kimoja, nukta wala mkato, na hukumwonyesha pa kukiweka. Umewasha moto mzuri, sikatai, lakini chungu hukukiinjika."

Mwalimu Atilio alikuwa amesimama karibu. "Bwana mkufunzi, watoto hawa wiki iliyopita walikuwa hawaandiki neno."

"Wiki iliyopita sikuwepo, Mwalimu. Nimetumwa kupima ninachokiona."

Akaandika nirudie mazoezi, katika shule nyingine. Nilimchukia mtu yule miaka mingi, na sasa nataka niseme haki yake. Hakusema uongo hata neno moja. Ripoti yake niliisoma baadaye: aliandika pia kwamba watoto waliandika kwa hiari, jambo ambalo hakulazimika kuliandika. Angeweza kunirudisha nyumbani moja kwa moja, na hakufanya hivyo. Mwalimu Atilio alikuwa sahihi, na mkufunzi alikuwa sahihi. Aliyekuwa bado hajaiva ni mimi. Nilipewa nusu moja na mzee, nikafikiri ndiyo somo zima.

Niliondoka kijijini mapema, Mwalimu Atilio akiwa darasani, kwa hiyo hatukuagana vizuri. Najua barua za watoto alizipeleka, maana alizikusanya mwenyewe akazifunga kwa uzi. Kama baba yake Blandina alijibu, sikujua. Nilipelekwa Usangu, tambarare, joto, watoto wa wafugaji waliohamia kutoka Usukumani na ng'ombe wao. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Huko nilianza na salamu siku ya kwanza. Mtoto mmoja alimwandikia babu yake aliyebaki Usukumani, akampelekea salamu za ng'ombe wote, mmoja mmoja kwa rangi yake. Safari hii sikusimama nikishangaa. Nikamwacha amalize, kisha nikamuuliza, "Katika hawa ng'ombe, yupi ambaye babu hajawahi kumwona?" Akasema yupo ndama aliyezaliwa walipokuwa wanavuka mto. "Basi mweleze huyo, maana hamjui." Na hapo ndipo habari ilipokuja, mto na yote, na vituo tukaviweka pamoja, mimi na yeye, pale alipovuta pumzi akisoma. Nilifaulu.

Nilimwandikia Mwalimu Atilio kumwambia. Sikupata jibu. Inawezekana haikufika, inawezekana alijibu ikapotelea njiani, sitaki kumlaumu marehemu. Kifo chake nilikisikia kimeshapita muda mrefu. Siku hizi malori yenye mizigo mikubwa ya karatasi yanapita hapa Uyole kuelekea Tunduma, na mimi nikiwa sokoni huwa nasimama nikiyatazama mpaka yapotee. Blandina sasa ni mtu mzima, pengine ni bibi kama mimi. Ningependa tu kujua kama alijibiwa. Miaka yote niliyofundisha, nikipokea daftari la mtoto, niliangalia kwanza amemsalimu nani.

Jioni, mwanangu Atupele, nilikwambia kwa ufupi habari ya salamu, ukasema, "Bibi, siku hizi nani anaandika barua? Watoto wanarekodi voisi." Nikakuuliza voisi zako unazozituma kutoka Iringa zinaanzaje. Ukacheka, kwa sababu unajua: "Bibi shikamoo, mzima? Babu mzima? Mguu unaendeleaje? Na mbwa?" Inaisha na sijajua ulichotaka. Na mimi huwa nairudia kuisikiliza, na jirani namsikilizisha.

Basi ushauri wangu ni huu, na uupime, usiuchukue kwa sababu tu nina mvi. Mtoto anapokuja kuandika, anakuja na kitu alichokizoea nyumbani kwao. Kwa wale wa Iringa ilikuwa salamu. Kwa hawa wa kesho sijui itakuwa nini, pengine mpira, pengine maneno ya simu, pengine ya kanisani. Utakiona kama takataka kwenye ukurasa. Usiwahi kalamu nyekundu. Kaa nacho kwanza, uliza kinatoka wapi na nyumbani nani anakiitikia. Lakini usiishie hapo kama nilivyoishia mimi nikajiona nina huruma, kwa sababu mtoto aliyeachwa na machozi yake bila kuonyeshwa mstari unaofuata ameachwa njiani. Nyumba njema si mlango. Mshike mkono umwingize ndani. Muulize swali moja dogo ambalo jibu lake analo yeye peke yake. Halafu vituo, halafu herufi kubwa, halafu andalio lako, maana mkaguzi naye ana kazi yake na si adui yako. Ukishindwa kesho, utakuwa umeshindwa siku moja. Na kama kuna mzee hapo shuleni atakayekuuliza swali la kukuchoma, msikilize, na umshukuru angali hai. Usingoje posta.

Mungu wa baba zetu akuweke, mjukuu wangu. Akupe sikio refu kuliko fimbo, na sauti isiyokatika kwa baridi. Watoto wakusalimu mpaka uchoke, na ukichoka uwasalimu tena. Uliowafundisha wakukute njiani ukiwa mzee, nao wawe na habari za kukupa.

Usiku huu tumekula ugali wa moto na maharage, na mboga ya majani ya maboga niliyoiunga kwa karanga. Atupele amekula kidogo, akaenda kulala mapema. Nimemfunikia chake kwenye bakuli, ataamka na njaa.